Kwa nini "uthabiti wa kauli"

Miongoni mwa stadi ambazo mnasihi humfundisha mteja wake ni ile inayoitwa kwa Kiingereza assertiveness: kusema unachotaka, unachokataa na unachohisi, waziwazi, bila kumvunjia heshima unayezungumza naye na bila kujishusha mwenyewe. Katika Kiswahili stadi hiyo huitwa kujiamini, au ujasiri, au uthubutu, au msimamo, kutegemea ni nani anayefasiri na ana haraka kiasi gani. Hasara ya mtawanyiko huu haiishii kwa watunga kamusi. Jina la stadi humwelekeza mteja afanye nini. Akiambiwa kwamba amepungukiwa na ujasiri, atarudi nyumbani kuungoja uje. Akiambiwa kwamba anajifunza namna ya kutamka jambo, ana kitu cha kufanyia mazoezi jioni hiyohiyo. Ndiyo maana napendekeza tuseme uthabiti wa kauli, na sababu zangu zinaanzia kwenye historia ya tiba yenyewe.

Mwaka 1949 mwanasaikolojia wa Marekani, Andrew Salter, alichapisha kitabu kilichowahimiza watu waliozoea kujizuia wazitamke hisia zao badala ya kuzimeza. Joseph Wolpe, daktari mzaliwa wa Afrika Kusini, aliipa hoja hiyo msingi wa kitaalamu mwaka 1958. Kwa maoni yake, hofu hudhoofika pale mtu anapofanya jambo lisilopatana nayo, na kutamka hisia ya kweli mbele ya anayekutia hofu ni jambo la namna hiyo. Kila anapolirudia, hofu hupungua. Tazama mpangilio ulivyo: kauli hutangulia, utulivu wa moyo hufuata. Mwaka 1973 mwenzake Wolpe, Arnold Lazarus, aliyetoka pia Afrika Kusini, aliigawa stadi hii katika uwezo wa aina nne: kukataa, kuomba, kueleza hisia nzuri na mbaya, na kuanzisha, kuendeleza na kumaliza mazungumzo. Yote manne ni matendo ya ulimi. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2018 na Speed, Goldstein na Goldfried yalionyesha kwamba mafunzo ya stadi hii yana ushahidi wa kusaidia katika wasiwasi, sonona na hali ya kujidharau, ingawa wataalamu wengi wameacha kuyatumia kama tiba inayojitegemea.

Kwa kipimo hicho cha kauli kutangulia, "kujiamini" kunataja tunda mahali pa mti. "Ujasiri" unanukia vita na hatari, na mteja aliyekuja kwa sababu hawezi kumdai mwenye duka chenji yake atajiona yuko mbali nao mno. "Uthubutu" una heshima yake. Tanzania iliutumia katika kaulimbiu ya miaka 50 ya Uhuru, mwaka 2011, nao ulimaanisha kujitosa katika jambo kubwa. Kumwambia bosi kwamba leo huwezi kubaki hadi usiku si jambo kubwa la namna hiyo, na halipaswi kufanywa liwe. "Msimamo" huhusu maoni zaidi kuliko maombi, tena umeshazoea kuandamana na ukali. Tukisema tufuate asili ya neno la Kiingereza, tutafika kwenye kitenzi cha Kilatini kilichohusu kudai, hata kudai mahakamani kwamba fulani ni mtu huru. Lakini ukikielekeza kitenzi hicho kwa mtendaji mwenyewe, kwa Kiswahili unapata "kujidai", na kila msemaji anajua kwamba anayejidai ni mwenye majivuno. Njia hiyo imefungwa.

Neno "kauli" lina kitu ambacho hayo mengine hayana. Tunaposema fulani hana kauli nyumbani kwake, hatusemi kwamba ni bubu. Tunasema neno lake halihesabiwi. Kwa hiyo lugha imekwisha kuunganisha kutamka na kuwa na haki ya kusikilizwa, na hiyo ndiyo kazi yote ya mafunzo haya. Uthabiti unaongeza kwamba neno halitetereki likisukumwa, wala halihitaji kelele. Robert Alberti na Michael Emmons, katika kitabu chao cha mwaka 1970, waliiweka tabia hii kando na nyingine mbili, ambazo kwetu zinaweza kuitwa kauli ya unyonge na kauli ya ubabe. Chukua kaka anayemwomba mdogo wake mkopo kwa mara ya tatu. Mnyonge atatoa fedha ya ada ya shule kisha alale na kinyongo. Mbabe atamkumbusha madeni yote mbele ya watoto. Mwenye kauli thabiti atasema: "Kaka, nimekuelewa. Mwezi huu sitaweza kukukopesha." Kaka akisisitiza, atarudia, kwa sauti ileile: "Naelewa, kaka, lakini mwezi huu sitaweza." Mnasihi humwigizia mteja nafasi ya kaka, mara nyingi, mpaka sentensi hiyo itoke bila kumkwama.

Wapo watakaosema kwamba hii ni tabia ya kigeni, kwamba sisi tuna staha, na kwamba pwani mtu akiwa na jambo hulisema kwa fumbo, hata kwa maandishi ya kanga aliyoivaa. Hoja hii ina uzito. Kanga humwezesha mwanamke kumfikishia jirani ujumbe ambao angeutamka ungezua ugomvi, na pia humwachia nafasi ya kukana: mimi nimevaa nguo tu. Ila nafasi hiyohiyo ya kukana inaweza kumnyima jibu, kwa kuwa jirani naye anaweza kujifanya hakusoma. Fumbo hufikisha lawama vizuri kuliko linavyofikisha ombi. Na staha haipotei jambo likisemwa wazi. "Shikamoo mama, samahani, naomba tuzungumze kuhusu zamu za jikoni" ni kauli thabiti iliyovaa heshima yake yote, na mkwe anayeitamka hajamkosea mtu. Mwanasaikolojia Marsha Linehan, katika mafunzo yake ya mwaka 1993, alimtaka mteja aangalie mambo matatu kwa pamoja: kupata anachohitaji, kulinda uhusiano, na kulinda heshima yake mwenyewe. Sioni chochote hapo ambacho wazee wetu wangekikataa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mke anayepigwa akifundishwa kusema, je, hatuongezi kipigo? Ndiyo, tunaweza kuongeza, na mnasihi asiyeliuliza hilo kwanza hafai kufundisha stadi hii. Wolpe mwenyewe alionya kwamba mgonjwa asihimizwe kutamka jambo litakaloleta adhabu kali juu yake. Penye hatari, usalama hutangulia mazoezi. Tena mzigo wa kubadilika haupaswi kubebwa na mnyonge peke yake. Mafunzo ya Stepping Stones kuhusu VVU na mahusiano, yaliyoandaliwa Uganda na kutolewa mwaka 1995, huwafundisha wanaume na wanawake namna ya kuwasiliana. Utafiti wake wa Afrika Kusini, uliochapishwa mwaka 2008, haukuthibitisha kwamba yalipunguza maambukizi ya VVU, lakini wanaume walioshiriki walieleza kwamba ukatili waliowafanyia wenzi wao ulikuwa umepungua miaka miwili baadaye.

Istilahi hii itasaidia pia katika kupima maendeleo ya mteja. Dodoso la Spencer Rathus la mwaka 1973, lenye vipengele 30, huuliza kwa sehemu kubwa juu ya matendo, kama vile kulalamika unapoletewa hotelini chakula kisichoridhisha. Tukilitafsiri tukiwa na "kujiamini" kichwani, tutaishia kumuuliza mteja anajisikiaje. Tukiwa na kauli, tutamuuliza: kondakta alipokurudishia chenji pungufu, ulimwambia nini?