Majimbo Yanayouzunguka Mji wa London

Tusomapo habari za miji mikubwa twasikia sana majumba na wafalme, lakini jirani za mji husahauliwa. Na mji haulimi, wala hauna chemchemi za kuutosha. Hula na kunywa kwa msaada wa jirani zake. Basi twataka kueleza habari za majimbo matano yanayopakana na London, mji uliojengwa na Warumi kando ya mto Thames katika karne ya kwanza. Tangu zamani mto huo ulikuwa mpaka: kusini Kent na Surrey, kaskazini Essex na Middlesex, na Hertfordshire iko kaskazini zaidi.

Kent yaelekea bahari ya Ufaransa. Huko ndiko alikofika Augustine mwaka 597, ametumwa na Papa Gregory, naye mfalme Ethelbert akabatizwa. Ndiyo sababu Askofu Mkuu wa Kanisa la Uingereza ana kiti chake Canterbury, wala si London. Tena Kent ni nchi ya matunda na ya hopsi, mmea utambaao ambao maua yake hutiwa katika bia. Kwa miaka mingi maskini wa mashariki ya London, mama na watoto, walikwenda huko kila Septemba kuyachuma kwa ujira, hata mashine zilipowaondolea kazi hiyo.

Katika Surrey pana uwanda wa majani uitwao Runnymede, ukingoni mwa Thames. Hapo, tarehe 15 Juni 1215, mfalme John alikubali Hati Kuu, isemayo kwamba mtu huru asifungwe ila kwa hukumu ya wenzake au kwa sheria ya nchi. Lakini neno hilo "huru" halikuwahusu wakulima wengi, maana walikuwa wamefungwa katika mashamba ya mabwana zao.

Wakulima hao waliinuka kwanza katika Essex. Mwaka 1380 Bunge liliweka kodi ya kichwa, shilingi moja kwa kila mtu aliyepita miaka 15. Mwaka wa pili watu wa kijiji cha Fobbing walikataa, na watu wa Kent wakaungana nao chini ya Wat Tyler, wakaingia London. Mfalme Richard wa Pili, aliyekuwa kijana wa miaka 14, aliwaahidi uhuru. Kisha Tyler akauawa mbele ya mfalme, na ahadi ikatanguliwa. Hata hivyo, serikali haikuthubutu kuwatoza watu wote kodi ile tena katika karne hiyo.

Hertfordshire iliupa mji maji. Tangu 1609 hata 1613 Hugh Myddelton alichimba mfereji wa maili 39 hivi, kutoka chemchemi zilizo karibu na Ware mpaka London. Wenye mashamba walipinga, wakihofia ardhi yao kukatwa na kufurika; lakini mfalme James wa Kwanza alilipa nusu ya gharama, akapata na nusu ya faida, na kazi ikaisha. Mfereji huo ungali ukipeleka maji mjini.

Middlesex ndiyo iliyokaa karibu kuliko zote, na ndiyo iliyopata hasara kubwa. Mwaka 1889 sehemu zake zilikatwa, pamoja na sehemu za Surrey na Kent, ili kufanya jimbo la London. Halafu reli zikaleta nyumba, mashamba yakawa mitaa. Mwaka 1938 ilitolewa sheria ya kulinda mashamba na misitu kuuzunguka mji, lakini kwa Middlesex ilichelewa. Tarehe 1 Aprili 1965 baraza la jimbo lilifutwa. Hata leo wako watu waandikao Middlesex katika anwani zao, ingawa serikali yake haipo.

Twaona, basi, kwamba mji huomba kwanza chakula, kisha maji, kisha watu, na mwisho ardhi yenyewe. Wazee wetu husema, "Mwacha asili ni mtumwa." Ninyi mkaao karibu na miji inayokua, waulizeni wazee mipaka ya kale na majina ya vijito na vilima, mkayaandike maadamu wangali hai wa kuwaonyesha.