Funga, Lishe na Afya ya Mifupa kwa Wazee

Kila mwaka, unapokaribia mwezi mtukufu wa Ramadhani, familia nyingi za Unguja, Pemba, Tanga, Kilwa na miji mingine ya mwambao hukabiliwa na swali lile lile: je, bibi au babu mwenye umri wa miaka 70 na zaidi anaweza kufunga bila kuudhuru mwili wake? Mara nyingi swali hilo huulizwa kuhusu kisukari, shinikizo la damu na vidonda vya tumbo. Mifupa husahaulika, kwa sababu mfupa unaodhoofika hauumi. Kwa wazee wengi dalili ya kwanza huwa ni kuvunjika kwa nyonga, kifundo cha mkono au pingili za uti wa mgongo baada ya kuanguka kidogo tu.

Elimu ya lishe iliyopo inaonesha kwamba kufunga kutwa kwa mwezi mmoja, kwa mzee mwenye afya anayekula vizuri usiku, si jambo linalojulikana kuvunja mifupa. Hatari iko katika mambo matatu yanayoweza kuambatana na funga: kupungua uzito kupita kiasi, chakula cha usiku kisicho na protini wala madini ya kutosha, na kizunguzungu kinachosababisha kuanguka. Mambo hayo yote yanaweza kuzuilika nyumbani, iwapo yatajulikana mapema.

Mfupa hubomolewa na kujengwa upya

Mfupa ni sehemu hai ya mwili. Chembe za aina moja hubomoa mfupa mkongwe na chembe za aina nyingine hujenga mpya, kiasi kwamba takriban asilimia 10 ya mifupa ya mtu mzima hufanywa upya kila mwaka. Katika utoto na ujana ujenzi huushinda ubomoaji, na mifupa hufikia uimara wake wa juu kabisa mtu anapokaribia umri wa miaka 30. Baada ya hapo mizani huanza kuelemea upande wa pili polepole.

Kwa wanawake, mabadiliko huwa ya haraka zaidi baada ya kukoma hedhi, kwa kuwa homoni ya estrojeni, ambayo huzuia ubomoaji wa mfupa, hupungua sana. Mwanamke anaweza kupoteza hadi asilimia 20 ya uzito wa mifupa yake katika miaka mitano hadi saba ya mwanzo. Wanaume nao hupoteza, ila kwa mwendo wa taratibu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Hivyo wanawake wengi huingia katika kundi hilo wakiwa tayari wamepoteza sehemu ya akiba yao ya mifupa.

Upungufu huo unapokuwa mkubwa huitwa osteoporosisi, yaani ugonjwa wa mifupa kuwa myepesi na yenye matundu kama sifongo. Shirika la Afya Duniani liliweka vigezo vya kuutambua ugonjwa huo mwaka 1994, kwa kutumia kipimo maalumu cha mionzi kinachopima wingi wa madini katika mifupa.

Yanayotokea mwilini wakati wa saumu

Takriban asilimia 99 ya kalsiamu yote ya mwili, yaani madini ya chokaa, imehifadhiwa katika mifupa na meno. Kiasi kidogo kinachobaki kimo katika damu na tishu nyingine, nacho ni cha lazima kwa moyo, misuli na mishipa ya fahamu. Kwa sababu hiyo mwili hauruhusu kiwango cha kalsiamu katika damu kishuke. Kikianza kupungua, tezi ndogo nne zilizopo shingoni hutoa homoni inayoziamuru figo zisipoteze kalsiamu na inayotoa madini hayo katika mifupa. Mfupa, kwa maneno mengine, ni ghala la mwili.

Katika nchi zilizo karibu na ikweta saumu ya Ramadhani huchukua saa 13 hadi 14, na urefu huo haubadiliki sana mwaka hadi mwaka. Katika muda huo ghala hukopwa kidogo, na chakula cha usiku hulipa deni. Kula kwenyewe hupunguza kasi ya ubomoaji wa mfupa kwa saa kadhaa. Tatizo huanza pale deni lisipolipwa usiku baada ya usiku, kwa sababu mzee amefuturu kwa uji na tende, akalala mapema, asiamke kula daku.

Uzito unaopungua hupungua na mfupa

Mifupa huimarika kwa kubeba mzigo, na mzigo wake wa kila siku ni mwili wenyewe. Uzito ukishuka, mzigo hupungua, misuli husinyaa, na mfupa hufuata. Utafiti wa mwaka mmoja uliohusisha wazee 107 wenye unene uliozidi nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2011, ulilionesha jambo hilo kwa uwazi. Waliopunguza uzito kwa kupunguza chakula peke yake walipoteza takriban asilimia 3 ya wingi wa madini katika mfupa wa nyonga. Waliopunguza chakula huku wakifanya mazoezi walipoteza takriban asilimia 1.

Matokeo hayo yana maana pia kwa wazee wanaojinyima chakula nje ya ibada, kwa kufuata mitindo ya kufunga kwa vipindi ili kupunguza unene, sukari au shinikizo la damu. Kupunguza uzito kunaweza kumfaa mzee mnene kiafya, lakini kusifanyike bila mazoezi na bila protini ya kutosha. Kwa mzee ambaye tayari ni mwembamba, kupungua zaidi ni hasara tupu.

Njia rahisi ya kufuatilia ni mizani. Mzee apimwe uzito kabla ya mfungo, katikati na mwishoni. Kwa mwenye kilo 60, kupungua kilo 3 ni sawa na asilimia 5 ya uzito wake, kiwango kinachostahili kumfikisha kituo cha afya.

Chakula cha usiku kilipe deni

Meza ya futari ya mwambao ina utajiri wa vyakula: mihogo na magimbi ya nazi, ndizi mbivu, viazi, tambi, sambusa, bajia na kaimati. Wingi wa vyakula hivyo ni wanga na mafuta. Humpa mzee nguvu, lakini havitoshi kujenga mfupa. Vinavyohitajika kuongezwa ni kalsiamu, protini na vitamini D.

Viwango vinavyopendekezwa vya kalsiamu kwa watu wenye umri mkubwa ni kati ya miligramu 1,000 na 1,300 kwa siku. Kikombe kimoja cha maziwa cha mililita 250 kina takriban miligramu 300, na mtindi au maziwa mgando hukaribia kiasi hicho. Maziwa mgando huwafaa zaidi wazee ambao maziwa mabichi huwajaza gesi. Utumbo hufyonza vizuri kalsiamu isiyozidi miligramu 500 kwa mara moja. Kwa hiyo ni bora kikombe kimoja wakati wa futari, kingine kabla ya kulala na kingine wakati wa daku, kuliko vyote vitatu kwa pamoja.

Kwa familia zisizomudu maziwa kila siku, dagaa ni chakula cha thamani kubwa. Kalsiamu yake imo katika mifupa ya dagaa wenyewe, hivyo faida hupatikana wanapoliwa wazima. Mzee aliyepungukiwa na meno anaweza kusagiwa dagaa wakavu na kupata unga wa kuchanganya katika mchuzi, mboga au uji.

Kuhusu mboga za majani, kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mchicha na spinachi zina kalsiamu, lakini pia zina kemikali iitwayo oksaleti, inayoyashika madini hayo na kuyazuia yasifyonzwe. Mboga hizo zisiachwe, kwa kuwa zina faida nyingine nyingi, ila zisitegemewe kama chanzo kikuu cha kalsiamu. Sukuma wiki na chainizi zina oksaleti kidogo, na kalsiamu yake hufyonzwa vizuri.

Protini nayo ni ya lazima, kwa kuwa kiunzi cha mfupa kimesukwa kwa protini iitwayo kolajeni, na misuli inayoushikilia mfupa hujengwa kwa protini. Wataalamu wengi hupendekeza mzee apate gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Kwa mwenye kilo 60 ni gramu 60 hadi 72. Yai moja lina takriban gramu 6, kikombe cha maziwa gramu 8, na kikombe cha maharage yaliyopikwa gramu 15. Mbaazi za nazi, kunde, choroko, samaki na kuku vinaweza kukamilisha hesabu hiyo. Kuloweka mikunde na kuyamwaga maji yake kabla ya kupika hupunguza vitu vinavyozuia ufyonzwaji wa madini. Mwenye ugonjwa wa figo hapaswi kuongeza protini bila ushauri wa daktari.

Vitamini D huuwezesha utumbo kufyonza kalsiamu. Mwili huitengeneza kwa msaada wa jua, lakini ngozi ya mzee huitengeneza kwa kiasi kidogo kuliko ya kijana, na anayeshinda ndani au kufunikwa mwili wote hupata kidogo zaidi. Kuketi nje kwa muda mfupi kila siku, mikono na miguu ikipata jua, ni msaada wa bure. Samaki wenye mafuta kama vibua na jodari, pamoja na kiini cha yai, huongeza vitamini hiyo.

Chumvi inahitaji kuangaliwa. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja kidogo cha chai. Chumvi nyingi hupandisha shinikizo la damu na kuongeza kalsiamu inayopotea kwa njia ya mkojo. Papa mkavu na samaki wengine wa chumvi waloweshwe na maji yamwagwe, na achari iliwe kwa kiasi.

Daku na kinga dhidi ya kuanguka

Mfupa dhaifu huweza kukaa miaka mingi bila kuvunjika mradi mzee haanguki. Mzee asiyekunywa maji ya kutosha usiku, hasa anayetumia dawa za kuongeza mkojo au za shinikizo la damu, huweza kupata kizunguzungu anapoinuka ghafla alasiri. Anayetumia dawa za kisukari huweza kushukiwa na sukari. Saa za kuamka kula daku na kurejea kutoka sala ya tarawehe nazo ni za giza na usingizi.

Daku, kwa hiyo, lisichukuliwe kuwa hiari kwa mzee anayefunga. Linapaswa kuliwa karibu na alfajiri, likiwa na protini, maziwa au mtindi, na maji. Maji mengine yanywewe kidogo kidogo tangu futari. Taa iachwe ikiwaka njia ya kwenda msalani, mikeka inayoteleza iondolewe, na mzee aketi kitandani kwa muda kabla ya kusimama. Kutembea, kupanda ngazi taratibu na harakati za sala huimarisha misuli, na ni vyema ziendelee mwezi mzima kwa kadiri ya uwezo.

Wanaohitaji ushauri kabla ya kufunga

Wazee wenye kisukari, ugonjwa wa figo au moyo, waliowahi kuvunjika mfupa kwa kuanguka kidogo, na waliopungua uzito bila kukusudia wanashauriwa kumwona daktari wiki sita hadi nane kabla ya Ramadhani. Muda huo hutosha kupanga upya saa za dawa. Baadhi ya dawa za osteoporosisi humezwa tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, na mgonjwa hukaa wima kwa angalau nusu saa kabla ya kula. Vidonge vya kalsiamu havimezwi pamoja nazo. Mgonjwa asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe.

Dini zenyewe zimezingatia hali ya wazee. Katika Uislamu, mzee asiyeweza kufunga ameruhusiwa kula na kutoa fidia kwa kumlisha maskini. Katika Kanisa Katoliki, sheria ya kufunga wakati wa Kwaresima haiwabani waliotimiza miaka 59. Mzee anayeshauriwa na daktari asifunge hana sababu ya kuona haya, na familia ina wajibu wa kumweleza hivyo kwa heshima.

Dalili za kufuatilia ni kupungua kimo kwa sentimita 4 au zaidi kuliko ujanani, mgongo kupinda, maumivu ya ghafla ya mgongo, na mfupa kuvunjika kwa kishindo kidogo. Kipimo cha wingi wa madini katika mifupa hakipo katika vituo vingi vya ngazi ya chini, lakini uzito, kimo na historia ya kuanguka vinaweza kuchukuliwa katika zahanati yoyote, na vinatosha kumwezesha mhudumu wa afya kuamua iwapo mzee apewe rufaa.