Laki Mbili za Zanzibar: Nani Aliziokoa Kampuni za Pwani?

Kila serikali zetu zinapochota fedha za umma kulinusuru shirika kubwa, huzuka hoja moja ambayo nimechoka kuisikia: kwamba tabia hii ilizaliwa na dola za Kiafrika baada ya uhuru, na kwamba mkoloni, pamoja na maovu yake, aliiacha kampuni ife ikishindwa kujiendesha. Nimeisikia kuhusu shilingi bilioni moja ambazo Rais Uhuru Kenyatta aliitangazia kampuni ya sukari ya Mumias, Kenya, Januari 2015, na kuhusu Kenya Airways, ambayo mwaka 2017 madeni yake yaligeuzwa hisa mpaka serikali ikafikia asilimia 48.9 ya umiliki. Hoja hiyo haina msingi. Kampuni mbili za kwanza kupewa pwani yetu kuitawala zilinusuriwa zote mbili ndani ya miaka michache, na sehemu kubwa ya fedha zilizozinusuru ilitoka hapahapa.

Habari za Carl Peters na mikataba yake ya Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami zinajulikana, sitazirudia. Kinachotuhusu ni kwamba Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipopata hati ya ulinzi mwezi Februari 1885 haikuwa na mtaji wa kutawala hata mji mmoja. Ilipofika Agosti 1888, ikapokea uendeshaji wa bandari za pwani kwa mkataba na Sultan Khalifa bin Said wa Zanzibar. Wiki chache tu zikatosha. Ubabe wa mwakilishi wake, Emil von Zelewski, pale Pangani uliwasha moto, na Abushiri bin Salim pamoja na Bwana Heri wa Uzigua wakaiondoa kampuni karibu kila mji isipokuwa Bagamoyo na Dar es Salaam.

Kampuni ikakimbilia Berlin. Mwanzoni mwa 1889 Bunge la Ujerumani lilipitisha marki milioni 2, na sheria iliyoziidhinisha ikataja kupiga vita biashara ya utumwa kabla ya kutaja kulinda maslahi ya Wajerumani. Hapo August Bebel, kiongozi wa wasoshalisti, alisimama bungeni akauliza kampuni hii ni nani hasa. Akajibu mwenyewe: ni kundi dogo la matajiri wa benki, biashara na viwanda, ambao maslahi yao hayana uhusiano wowote na maslahi ya Mjerumani wa kawaida. Sijaona swali zuri kuliko hilo katika mjadala wowote wa aina hii, wa zamani au wa sasa. Bebel alishindwa kwa kura. Hermann von Wissmann akaja na askari wa Kisudani na wengine waliotolewa Msumbiji, na Desemba 1889 Abushiri akanyongwa Pangani.

Baada ya vita ikaja hesabu, na hapa ndipo vitabu vyetu vya shule vinaporuka. Kwa mkataba wa Novemba 1890, dola ya Ujerumani ilichukua utawala kuanzia tarehe 1 Januari 1891. Kampuni ikaruhusiwa kukopa zaidi ya marki milioni 10, na serikali ikaahidi kuilipa marki 600,000 kila mwaka kutoka ushuru wa forodha wa pwani. Katika mkopo huo, marki milioni 4 zilikwenda kwa Sultan Ali bin Said zikiwa bei ya ukanda wake wa pwani. Maana yake ni kwamba forodha za Tanga, Pangani, Bagamoyo na Kilwa ndizo zilizobebeshwa deni la kununulia Tanga, Pangani, Bagamoyo na Kilwa. Kampuni iliyoshindwa ilibaki na haki za ardhi, na haki ya kutoa sarafu ikabaki nayo mpaka mwanzoni mwa karne ya ishirini. Sijaona popote palipoandikwa kwamba mfanyabiashara aliyelipa ushuru huo, awe Mswahili, Mwarabu au Mhindi, aliwahi kuonyeshwa vitabu vya kampuni.

Marki milioni 4 zilikuwa sawa na paundi 200,000 hivi. Nakuomba, msomaji, uikumbuke hesabu hiyo.

Upande wa kaskazini ilikuwako Imperial British East Africa Company ya William Mackinnon, iliyokodi ukanda wa Mombasa kutoka kwa Sultan Barghash mwaka 1887 na kupewa hati ya kifalme Septemba 1888. Chanzo kimoja kuhusu kampuni hii kinanukuliwa sana lakini ni wachache wanaokisoma mpaka mwisho, nacho ni kitabu cha P. L. McDermott cha 1893, kilichotolewa tena 1895. McDermott alikuwa kaimu katibu wa kampuni hiyo, na aliandika kwa idhini ya wakurugenzi wake. Hoja yake ni kwamba kampuni ilibeba mzigo wa taifa, ikaingia Uganda kwa sababu serikali ya London ilitaka Uganda ishikwe bila yenyewe kutoa fedha, kisha ikatupwa.

Nimemsoma kwa subira, na kuna mahali ana haki. Uganda kweli iliikausha kampuni, mpaka ilipotangaza kuondoka mwaka 1891 wafuasi wa Church Missionary Society wakachangishana ili Frederick Lugard, ofisa wa kampuni huko, abaki kidogo. Mwaka uliofuata London iliuingiza ukanda wa pwani katika eneo la biashara huria, na kampuni ikapoteza mapato ya forodha iliyoyategemea huku kodi ya Sultan ya paundi 11,000 kwa mwaka ikiendelea kudaiwa. Lakini McDermott anapofika kwenye fidia, mtu anayetajwa kuwa amedhulumiwa ni mwanahisa wa Uingereza peke yake. Hapo subira yangu inaisha.

Kwa maana mwaka 1895 kampuni ilipovuliwa madaraka ililipwa paundi 250,000. Hazina ya Uingereza ilitoa 50,000 tu. Paundi 200,000 zilizobaki zilikuwa fedha za Zanzibar, zilezile za Wajerumani, ambazo Waingereza walikuwa wakizishikilia kwa niaba ya Sultan tangu nchi yake iwe chini ya himaya yao. Fedha iliyotozwa pwani ya kusini kwa ajili ya kampuni ya Berlin ikamaliza safari yake mifukoni mwa wanahisa wa kampuni ya London.

Sultan Hamid bin Thuwaini hakuwa na nguvu ya kuzizuia. Tangu Oktoba 1891 mwakilishi wa Uingereza Zanzibar, Gerald Portal, alikuwa ameitoa hazina mikononi mwa Sultan, akamkabidhi Lloyd Mathews kama Waziri wa Kwanza, na Sultan akawa mtu wa kupewa posho. Wanaoutetea uamuzi ule husema Zanzibar haikupoteza kitu, kwani Waingereza walikubali kuilipa paundi 17,000 kwa mwaka: 11,000 za kodi ya ukanda na 6,000 za riba ya asilimia 3 juu ya zile laki mbili. Utetezi huu naukataa. Riba ya mkopo ambao mkopeshaji hakuulizwa haiufanyi mkopo ule uwe wa halali. Tena mlipaji wa riba hakuwa kampuni. Alikuwa himaya mpya ya Afrika Mashariki, kwa kodi zake na ruzuku ya London, wakati Mackinnon na wenzake, au warithi wao, walikuwa wameshachukua chao na kwenda.

Na waliondoka wakiacha vita. Februari 1895 alifariki Sheikh Salim bin Khamis, mkuu wa ukoo wa Mazrui pale Takaungu. Maofisa wa kampuni, katika miezi yao ya mwisho, wakamsimika Rashid bin Salim na kumpita Mbaruk mdogo, ambaye wengi wa ukoo walimwona ndiye mwenye haki. Ugomvi ukamvuta Mbaruk bin Rashid wa Gazi, ukasambaa nyuma ya Mombasa, na askari wakaletwa kutoka India kuuzima. Himaya ilitangazwa tarehe 1 Julai 1895 moto ukiwa umeshawaka, na Mbaruk hakuvuka kwenda upande wa Wajerumani mpaka Aprili 1896. Gharama ya vita ile haikukatwa kwenye fidia ya paundi 250,000. Vijiji vilivyochomwa kati ya Takaungu na Gazi havikuingia kwenye mizania ya mtu yeyote.

Miongo iliyofuata naipita. Nasimama mwaka 2008, kwa sababu huko Marekani, Bunge lilipoidhinisha dola bilioni 700 kuokoa benki, liliunda pia ofisi ya mkaguzi maalumu na jopo la usimamizi lililoongozwa na Elizabeth Warren. AIG, kampuni ya bima iliyookolewa pia, ilipolipa bonasi za dola milioni 165 Machi 2009, wananchi walijua mara moja, wakapiga kelele. Wengi wanasema hata usimamizi ule ulikuwa dhaifu, nami nakubaliana nao, lakini angalau mlipa kodi alikuwa na mtu wa kumuulizia. Kwetu, Juni 2009, Rais Jakaya Kikwete wa Tanzania alitangaza Dodoma mpango wa kunusuru uchumi wa shilingi trilioni 1.7, ukiwemo ufidiaji wa hasara za wanunuzi wa mazao kama pamba. Mkulima aliyelima pamba hiyo hakuwa na kiti mahali popote fedha zilipogawiwa. Mumias nayo iliwekwa chini ya mrasimu mwaka 2019 kwa ombi la benki iliyoidai, na wakulima wa miwa wakabaki wakidai malipo ya miwa waliyokwisha kuivuna.

Wabunge wa leo wana uwezo ambao Hamid bin Thuwaini hakuwa nao: wanaweza kumwita mkurugenzi, kudai vitabu na kuweka masharti kabla ya shilingi ya kwanza kutoka. Kwa upande wa historia kazi iliyobaki ni yetu. Barua za ubalozi wa Uingereza za miaka ya 1890 zimo katika Nyaraka za Taifa za Zanzibar pale Kilimani, na za Ujerumani ziko Dar es Salaam na Berlin. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu aziweke meza moja, afuate laki mbili zile kutoka forodhani Pangani mpaka London, na aandike kwa Kiswahili majina ya waliozipokea.