Haki ya Kupiga Picha Machozi: Kieślowski kutoka Filamu za Hali Halisi hadi Filamu za Kubuni

Krzysztof Kieślowski (1941–1996), mwongozaji filamu wa Polandi, alianza kujulikana kwa filamu za hali halisi baada ya kuhitimu katika chuo cha filamu cha Łódź. Kuhamia kwake katika filamu za kubuni huelezwa mara nyingi kwa tukio moja. Alipokuwa akitengeneza Dworzec (1980), kuhusu kituo kikuu cha reli cha Warszawa, polisi walitwaa mikanda yake. Walitumaini kumwona humo msichana aliyemuua mama yake na kuuficha mwili katika makabati ya mizigo kituoni. Msichana huyo hakuonekana. Hata hivyo, Kieślowski alitambua kuwa kamera yake ingeweza kuitumikia dola bila ya ridhaa yake.

Maelezo hayo yana ukweli, lakini mfuatano wa kazi zake unaonyesha kwamba hayatoshi. Personel (1975) na Blizna (1976), zote za kubuni, zilikwishatangulia. Katika Personel, fundi cherehani kijana wa jumba la opera anatakiwa kuandika maelezo ya kumchongea mwenzake. Katika Amator (1979), mfanyakazi wa kiwandani ananunua kamera kwa ajili ya mwanawe mchanga. Baadaye filamu zake zinamponza mkuu wake wa kazi. Suala la picha au neno kumdhuru asiye na hatia lilikuwa limekwishamshughulisha.

Chimbuko la suala hilo linaonekana katika Pierwsza miłość (1974), filamu ya hali halisi iliyowafuata vijana wawili hadi mtoto wao alipozaliwa. Kieślowski alikuja kueleza kwamba aliyaogopa machozi ya kweli, kwa kuwa hakuwa na hakika kama alikuwa na haki ya kuyapiga picha. Mwigizaji hulia kwa hiari, kisha hurejea nyumbani na siri zake.

Kwa hiyo, tukio la kituoni lilithibitisha uamuzi uliokuwa ukikomaa, halikuuzaa. Wala ubunifu haukuwa njia ya kuukimbia ukweli. Katika Dekalog, mfululizo wa filamu kumi za televisheni uliokamilika mwishoni mwa miaka ya 1980, Kieślowski aliingia katika vyumba vya wakazi wa mtaa mmoja wa Warszawa, mahali ambapo kamera ya hali halisi isingeingia bila ya kumvunjia mtu heshima yake.