Kuanika Maji: Nuru ya Jua na Vijidudu vya Maradhi

Watu wa Delta ya Rufiji, ambayo sehemu yake kubwa sasa imo katika Wilaya ya Kibiti, huishi baina ya maji mawili: ya mto yashukayo, na ya bahari yapandayo kati ya mikoko. Katika maji ya namna hiyo, yasiyo chumvi kamili wala baridi kamili, kijidudu cha kipindupindu huweza kudumu. Maradhi hayo yalipoenea Tanzania tangu mwaka 1977, dawa ya tetrasaiklini iligawiwa kwa wingi, kwa wagonjwa na kwa wazima. Mwaka 1979 Fred Mhalu na wenzake walionyesha kwamba, baada ya miezi mitano tu, vijidudu 76 katika kila 100 vilivyopimwa vilikuwa havidhuriki tena kwa dawa hiyo.

Iko silaha iliyojulikana kabla ya dawa hizo. Mwaka 1877 Downes na Blunt, wa Uingereza, walithibitisha kuwa mwanga wa jua huua bakteria. Mwaka 1900 Oscar Raab, mwanafunzi wa Tappeiner huko München, alitangaza kuwa rangi ya akridini huua viumbe vidogo vya majini upesi penye mwanga kuliko gizani. Rangi hupokea nguvu ya nuru na kuipitisha kwa oksijeni, nayo hushambulia sehemu nyingi za kijidudu kwa pamoja. Ndiyo sababu usugu hautokei kwa wepesi. Kwa njia hiyo matabibu wa meno siku hizi husafisha fizi kwa rangi ya bluu na nuru nyekundu.

Hata jua tupu lina kazi yake. Miongoni mwa Wamaasai wa Kenya, maji yaliwekwa juani katika chupa za plastiki zing'aazo. Habari zilizochapishwa mwaka 2001 zaeleza kuwa, kipindupindu kilipozuka, kati ya watoto 155 wa chini ya miaka 6 walioyanywa waliugua 3. Kati ya 144 wasioyanywa, 20. Kwa watu wazima haikuonekana tofauti ya maana.

Lakini maji ya Rufiji yana tope, na tope huzuia nuru. Hayana budi kutuama na kuchujwa kwanza. Wenyeji huanika mpunga na samaki tangu zamani. Atakayewafundisha jambo hili hana haja ya kuunda istilahi ngeni: na aseme kuanika maji, nao watamwelewa.