Mwanasesere wa kauri na mikono iliyomuumba

Mwaka 1889, vibarua waliokuwa wakichimba msingi wa jengo la mahakama jijini Roma walifikia jeneza la mawe. Ndani yake alilala msichana aliyeitwa Crepereia Tryphaena, aliyezikwa katika karne ya 2, na pamoja naye mwanasesere wa pembe ya ndovu. Mabega, viwiko, nyonga na magoti ya mwanasesere huyo yalikunjika. Fundi fulani alikuwa amekata kila kipande na kukipachika kwa mwenzake, ili kiumbe hicho kidogo kiweze kuketi na kuinua mkono.

Tamaa hiyo ya kukipa kitu kisicho na uhai mwendo wa mwili ni ya kale. Kauri ilikuja baadaye sana, na ndiyo iliyoifanya kazi kuwa ngumu.

Kiswahili hutumia neno moja, kauri, kwa gamba la baharini linalong'aa na kwa chombo cheupe kutoka China. Waitalia nao walifanya vivyo hivyo: porcellana lilikuwa jina la gamba kabla ya kuwa jina la chombo. Mabaharia na wafanyabiashara wa pwani yetu walivijua vyombo hivyo mapema, ndiyo maana makaburi ya minara ya Kunduchi yalipambwa kwa sahani za Kichina. Ulaya ilivinunua kwa karne nyingi bila kujua jinsi vinavyotengenezwa. Siri ilifumbuliwa Saxony, Ujerumani, mwaka 1708, na Johann Friedrich Böttger, kijana aliyekuwa ameshikiliwa na mtawala Augustus kwa sababu alidai anaweza kutengeneza dhahabu. Akifanya kazi na mwanazuoni Tschirnhaus, alipata mchanganyiko wenye udongo mweupe wa kaolini, unaogeuka kauri kwa moto mkali. Mwaka 1710 kiwanda cha Meissen kikafunguliwa.

Katika karne ya 19 kauri ikawa uso wa mwanasesere. Huko Thuringia, Ujerumani, zilivuma kampuni za Kestner, Simon & Halbig na Armand Marseille; Ufaransa ilikuwa na Jumeau. Kauri isipopakwa rojo ya kung'arisha, hubaki na wororo unaofanana na ngozi. Lakini kwa kawaida kauri iliishia shingoni. Mwili ulifanywa kwa karatasi iliyopondwa, unga wa mbao na gundi. Matufe ya viungo yalikuwa ya mbao, na lastiki iliyopita ndani ilivuta kila kiungo kikae mahali pake.

Hakuna mtu mmoja aliyemtengeneza mwanasesere huyo. Katika mji wa Sonneberg na vijiji vyake, nyumba hii ilitoa mikono, ile ikatoa miguu, nyingine ikashona nguo, na watoto walifanya kazi pamoja na wazazi wao hadi usiku. Malipo yalihesabiwa kwa idadi ya vipande. Viwandani, wachoraji walichora midomo na nyusi, kichwa baada ya kichwa. Sura zilizowafurahisha watoto wa matajiri London na New York zilitoka kwenye nyumba ambazo mara nyingi hazikuweza kuzinunua.

Vita Kuu ya Kwanza ilikata biashara hiyo, na baadaye plastiki ikachukua nafasi ya kauri. Kiungo cha tufe kilirudi kwa njia nyingine. Mjini Berlin, Hans Bellmer aliwaona wanasesere wa mbao wa karne ya 16 katika jumba la makumbusho, na mwaka 1935 akatengeneza wake aliyejengwa kuzunguka tufe la tumbo. Picha zake zinatisha hadi leo. Mwaka 1965 Simon Yotsuya, kijana wa Kijapani, alikuta habari za kazi hiyo katika jarida, akabadilisha kabisa namna yake ya kutengeneza wanasesere. Japani ikawa shule ya sanaa hii, na mwaka 1999 kampuni ya Volks ya Kyoto ikaanza kuuza wanasesere wa resini wenye viungo vya tufe.

Wapo waliochagua njia ngumu zaidi: mwili mzima wa kauri. Anayejulikana sana ni Marina Bychkova, mzaliwa wa Urusi anayefanya kazi Kanada. Msanii wa aina hii hufinyanga mwili wote, kisha huukata kwenye viungo. Kila kipande hutengenezewa kalibu ya jasi, na ndani yake humiminwa uji wa kaolini. Jasi hunywa maji, ganda la udongo hujijenga ukutani mwa kalibu, na uji uliobaki humwagwa. Kabla ya kuchomwa, ganda hilo huvunjika kwa kubonyezwa tu.

Kisha huja joko, lenye joto la nyuzi 1,200 za Selsiasi au zaidi. Kauri hutoka imenywea, mara nyingi kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Tufe la goti na kikombe chake vikipishana hata kidogo, goti litagoma au litalegea. Vipande husuguliwa kwa msasa wa almasi ndani ya maji, kwa kuwa vumbi la kauri hudhuru mapafu. Rangi ya shavu hupakwa nyembamba na kuchomwa, ikapakwa tena na kuchomwa tena. Mwishowe vikombe vya viungo huwekewa ngozi, kauri isisagane na kauri, na vipande vyote huunganishwa kwa lastiki au springi.

Kazi iliyogawiwa kijiji kizima sasa inakaa mezani pa mtu mmoja, na jina lake tunalijua. Lakini mgeuze mwanasesere wa zamani wa Thuringia, uinue nywele zake. Kisogoni utakuta herufi za kiwanda na nambari ya kalibu. Kisha mtazame usoni: kila unywele wa nyusi ni mpigo mmoja wa brashi, na haukufutwa. Tunapomsifu msanii wa leo anayefanya kila kitu, tumkumbuke na yule aliyepewa nyusi peke yake, akazichora vizuri hivyo.