Mwoga Alivyofundishwa Kucheza Unguja

Anayejifunza salsa katika darasa la pamoja hufika mahali pagumu baada ya miezi michache. Hatua anazijua, moja-mbili-tatu na tano-sita-saba anazifuata bila kuzitaja kwa mdomo, lakini akiingia ukumbini kwenye watu miguu inagoma. Walimu wengi humwambia ajiamini, kisha wanaendelea na somo. Historia ya ngoma za Unguja ina jibu lenye kina zaidi. Kwa zaidi ya karne moja kisiwa hiki kimetoa wachezaji waliosimama mbele za watu bila kutetereka, na wengi wao walikuwa watu ambao jamii haikuwapa sababu yoyote ya kujiona. Ujasiri huo hawakuzaliwa nao, wala hawakuupata kwa kurudia hatua peke yake. Waliupata kwenye chama cha ngoma: kwa ada waliyolipa, sare waliyoivaa, jina waliloitwa na wenzao waliowangoja. Darasa la salsa limechukua safu ya ngoma likaacha chama, na nadhani pengo hilo ndilo linalomwangusha mwanagenzi.

Tuanze na unyago, mafunzo ya wasichana wanaoingia utu uzima, kwa kuwa pengine hakuna mahali kisiwani ambako mafunzo ya mwili yalipangwa kwa uangalifu zaidi. Mwari hakufundishwa kukata kiuno mbele ya umati. Alifundishwa ndani, na somo wake, yaani kungwi, katikati ya wanawake waliokwisha kupita njia hiyo hiyo, wanaume wakiwa mbali. Bi Kidude, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013, dunia ilimjua kwa taarab, lakini kwao alikuwa pia mwalimu wa unyago na mpigaji wa ngoma ya msondo. Utaratibu wa chumba kile una mantiki rahisi: kosa la anayejifunza linaonwa tu na watu waliowahi kulifanya. Darasa la siku hizi lenye kioo cha ukuta mzima, na simu zinazorekodi kila zamu, linamweka mwanagenzi mbele ya watazamaji tangu siku ya kwanza, kisha linashangaa kwa nini ana haya.

Ushahidi mzito zaidi uko Ng'ambo. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, na katika miaka iliyofuata watu wengi waliotoka mashambani na kwenye nyumba za mabwana walihamia ule upande wa pili wa hori lililoutenga Mji Mkongwe. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake Pastimes and Politics cha mwaka 2001, ameonyesha jinsi watu hao walivyotumia mavazi, ngoma, muziki na mpira kujijengea hadhi mpya. Katika ngoma ya lelemama wanawake walisimama safu moja, nguo zao zikifanana, mwendo wao mdogo na wa taratibu. Mgeni kwenye safu ya namna hiyo hana pa kujitokezea hata akitaka, na bega la jirani linamwambia lini ageuke. Ngoma ya beni, iliyoanza Lamu na Mombasa katika miaka ya 1890 na ambayo mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima mwaka 1975, ilikwenda mbali zaidi kwa kugawa vyeo. Palikuwa na wafalme na majenerali, na gwaride la kuwapigia saluti. Wapo walioiona beni kuwa uigaji wa Wazungu tu. Naona walitazama kofia wakasahau kichwa, maana mchukuzi aliyeitwa jenerali na wenzake kila jioni alikuwa na la kumfanya anyooshe mgongo kabla hajapiga hatua hata moja. Hata mwimbaji wa taarab Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyetokea katika unyonge, hakupanda peke yake. Alikuwa na wanamuziki wenzake, akina Subeti Ambari, Buda Swedi, Mbaruk na Maalim Shaaban, na mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi sahani zake.

Mtu atapinga kwamba salsa ni mambo mengine kabisa: ni ya watu wawili wawili, inataka ubunifu wa papo hapo, na asili yake ni ng'ambo nyingine, Cuba na mitaa ya Wapwetoriko wa New York, ambako kampuni ya sahani ya Fania ilianzishwa mwaka 1964. Lakini muziki wa Cuba si mgeni huku. Sahani za santuri za mfululizo wa GV, zilizoanza kutolewa mwaka 1933, zilisambaza rumba ya Cuba sehemu nyingi za Afrika, na Salum Abdallah wa Morogoro, aliyefariki mwaka 1965, aliiita bendi yake Cuban Marimba bila kuona ajabu. Dansi ilikuja na kushikana mikono, wawili wawili, na bado watu wa pwani na bara waliiingiza katika vilabu. Baadaye kila bendi kubwa ilikuwa na mtindo wake, Saboso wa Western Jazz, Msondo wa NUTA, Sikinde wa Mlimani Park, na shabiki alijifunza kucheza kwa kusimama na mashabiki wenzake wiki hadi wiki. Wawili walishikana, ila nyuma yao kulikuwa na kundi.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Vyama hivi viliumiza watu pia. Mashindano yalikuwa makali, nyimbo za vijembe zilimvua mtu nguo hadharani, na Margaret Strobel, aliyeandika juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa, ameeleza jinsi vyama vya lelemama vilivyoshindana na kuaibishana. Sina haja ya kulipamba hilo. Ila aibu ile iliwapata wengi kwa pamoja, na kundi lililotukanwa lilikwenda kutunga jibu. Mwanafunzi wa salsa akichekwa hurudi nyumbani na kicheko chake, na wiki ijayo hakuna anayeuliza mbona haonekani.

Wengine watasema heshima ya Unguja haimtaki mtu ajionyeshe, basi ujasiri wa kucheza ni wa kukopa tu. Waende mtaa wa Mtendeni wakaangalie Maulidi ya Homu, vijana wamepiga magoti safu moja, viwiliwili vinayumba pamoja, pole pole kisha kwa kasi, na hakuna anayejionyesha. Au watazame ukumbi wa taarab, mwanamke anapoinuka kwenda kumtunza mwimbaji, noti mkononi, akitembea kwa mwendo wa muziki mbele ya macho yote. Hiyo ni dansi ya mtu mmoja, tena ngumu, na huifanya akijua meza yake yote imeinuka naye kwa moyo.

Mwanakwerekwe, nje ya Ng'ambo ya zamani, ni mahali pazuri pa kuipima hoja hii. Mji ulipopanuka uliufikia mtaa huo, na leo soko lake, makaburi yake na mahakama yake vinawakusanya watu wa mjini, wa mashamba na wa Pemba ambao hawakurithi chama kimoja. Beni na lelemama zilistawi kwa watu wa namna hiyo hiyo, wageni wa mtaa waliohitaji kujuana. Darasa la salsa likifunguliwa hapo, mwalimu asianze na kioo. Aweke daftari la ada hata ikiwa ndogo, siku isiyobadilika, kitambaa kimoja cha sare, mtu wa kwenda kumuuliza asiyekuja, na harusi ya mwenzao ambayo wote watacheza, wa mwisho kwa ustadi akiwa katikati ya safu.